Binamu wa Marekani anasafiri kwa pointi za kadi, je na mimi wa Mombasa?

"Assalam aleikum. Mimi nauza madera na abaya hapa Mombasa, naenda Dubai kuchukua mzigo mara tatu kwa mwaka, napanda ndege ya flydubai kutoka hapa uwanja wa Moi. Binamu yangu yuko Marekani, juzi amekuja na mkewe na watoto wawili, wote kwa tiketi za pointi, ati hajalipa hata senti. Ananiambia nichukue kredit kadi mbili tatu niwe nalipia kila kitu nazo, baada ya mwaka nampeleka mamangu Umra bure. Benki yangu nayo ishanipigia simu mara mbili inipe kadi ya limiti ya laki mbili. Mume wangu hataki hata kusikia, yeye asema ni riba tupu. Akaunti ya Skywards, ule mpango wa pointi wa Emirates, ninayo lakini niliifungua tu siku nakata tiketi, hata password siikumbuki. Safari ya mwisho ilikuwa miezi minne iliyopita. Sasa nichukue kadi ama niache? Na kama si kadi, kuna njia?"

Waaleikum salaam dadangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na nikiweka kando binamu, mume na simu za benki, kinachobaki hapo ni mama yako na Umra. Kwa hivyo nitakujibu nikimwangalia mama. Na jibu la haraka ni hili, hiyo kadi kwa matumizi uliyo nayo haitamfikisha mama Jeddah, ikijitahidi sana itamlipia teksi ya kwenda airport. Lakini njia zipo, na mbili kati yake tayari unazo mkononi hujui tu.

Kwanza tumsafishe binamu, manake hakukudanganya. Kule kwao mtu akichukua kadi mpya anapewa bonasi kubwa mno, mathalan pointi 60,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Sasa familia ya watu wanne kodi ya nyumba, chakula, mafuta ya gari, bima, hizo dola 4,000 zinaisha zenyewe. Mume anachukua yake, mke anachukua yake, mwaka ukizunguka wana pointi laki na kitu na hawajanunua chochote cha ziada. Ndio akakuona wewe unazungusha pesa ya biashara akafikiri utamshinda. Tatizo ni kwamba hiyo michezo ni ya huko, kadi zile zataka uwe na historia ya mkopo ya Marekani, na huku kwetu bonasi za aina hiyo hazipo kwa ukubwa ule.

Kwa nini hazipo? Hebu fuata shilingi moja. Ukiswaipu kadi ya 1,000 kwa supamaketi, mwenye duka hapati 1,000 yote. Kuna kipande kinakatwa, kidogo kinaenda kwa benki ya yule mwenye duka, kidogo kwa Visa ama Mastercard, na kipande kinono kinaenda kwa benki iliyokupa wewe kadi. Pointi zako zinatoka kwa hicho kipande kinono, benki inakurudishia sehemu yake ili uendelee kuswaipu. Marekani kwenye kredit kadi hicho kipande kiko kama asilimia 2 hivi, ndio maana kuna cha kugawana. Ulaya tangu 2015 sheria imekibana kisizidi asilimia 0.3 kwa kredit kadi, na ukienda kule utaona ofa zao za pointi zimekonda zikilinganishwa na za Marekani, kadi ni zilezile na ndege ni zilezile. Sisi hapa nusu ya maisha yetu tunalipa kwa tili namba na paybill za M-Pesa, muuza jumla wako wa Biashara Street ukimtolea kadi atakuangalia hivi kama umemtolea karatasi ya chumvi, na akikubali atakwambia uongeze asilimia mbili tatu juu. Ukikubali hiyo nyongeza ushazinunua pointi zako mwenyewe, tena kwa bei mbaya.

Halafu hilo neno "hajalipa hata senti", mwulize vizuri. Tiketi ya pointi inaondoa nauli, haiondoi kodi za airport, na mashirika mengine yanaongeza na ile nyongeza yao wanayoiita ya mafuta ambayo yaweza kuwa karibu nusu ya bei ya tiketi. Kwa hivyo usije ukajipangia mwaka mzima ukifikiri siku ya kukata tiketi utabonyeza tu na kuondoka. Weka pesa kando.

Sasa hesabu yako wewe. Nachukua namba za mfano, za benki yako zitakuwa kwenye karatasi yao ya ada, uiitishe. Tuseme kwa mwezi vitu vinavyokubali kadi bila nyongeza ni supamaketi, petroli na yale matangazo unayolipia mtandaoni, jumla 40,000. Tuseme benki inakupa pointi 1 kwa kila shilingi 100. Hapo ni pointi 400 kwa mwezi, 4,800 kwa mwaka. Ukizitumia vizuri tuseme kila pointi ikakununulia shilingi moja, umepata 4,800. Toa ada ya kadi ya mwaka, tuseme 3,500. Umebaki na 1,300, mwaka mzima, umechunga kadi, umepokea meseji, umekumbuka tarehe, 1,300. Na mwezi mmoja tu ukichelewa kulipa ile 40,000, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi ni 1,200 imeenda. Hapo sijagusa faini ya kuchelewa. Hiyo asilimia 3 inasikika ndogo ikitajwa kwa mwezi, lakini iache ijizalie miezi 12 utaikuta imefika asilimia 42 na ushee.

Na ukichukua kadi mbili tatu kama alivyosema binamu, ada ni mara tatu, matumizi ni yaleyale 40,000. Hapo hata sihesabu.

Nitakwambia kitu. Mimi nimekaa miaka kwenye dawati la kadi la benki moja hapa mjini, na mteja ninayemkumbuka zaidi alikuwa fundi mmoja mzuri tu, mtu wa heshima, alikuja na stetimenti imekunjwa mara nne mfukoni anataka kujua pointi zake zimefika ngapi. Nikamfungulia. Pointi zilikuwa elfu sita na kitu. Kwenye karatasi hiyohiyo, mstari wa chini, riba aliyokuwa amelipa tangu mwaka uanze ilikuwa zaidi ya elfu ishirini, na yeye kila mwezi alikuwa akilipa ile pesa ndogo benki imeandika "malipo ya chini kabisa" akidhani ndio bili. Hakuna mtu aliyemwambia. Na mimi nakiri, wakati ule kazi yangu ilikuwa kutoa kadi, sikuwa nikimwambia mtu mpaka aulize.

Kwa hivyo acha nikueleze wewe kabla hujauliza. Kila kadi ina tarehe ya stetimenti na tarehe ya mwisho ya kulipa. Tuseme stetimenti inafungwa tarehe 20 na mwisho wa kulipa ni tarehe 10 mwezi unaofuata. Ukiswaipu tarehe 21 Machi, hiyo inaingia stetimenti ya 20 Aprili, unalipa 10 Mei, umekaa na pesa ya watu siku 50 bila riba. Ukiswaipu tarehe 19 Machi, siku mbili tu nyuma, unalipa 10 Aprili, umepata siku 22. Ndio ile "mpaka siku 50 bila riba" wanayokutangazia, kumbe ni ile swaipu ya siku ya kwanza pekee. Na masharti yake ni ulipe YOTE. Ukilipa ile ya chini kabisa, tuseme asilimia 10, yaani 4,000, benki nyingi hazikutozi riba kwa ile 36,000 iliyobaki peke yake, zinarudi nyuma zinahesabu tangu siku uliyoswaipu kila kitu. Na usitoe keshi ATM kwa kredit kadi hata siku moja, hapo hakuna siku 50, riba inaanza siku hiyohiyo na ada ya kutoa juu.

Biashara yako nayo ina jambo lake. Mzigo wa dera unauzika Ramadhani na Idi, miezi mingine unalala. Pesa ya aina hiyo na kadi yenye tarehe isiyojua Idi ni ugomvi. Naona benki imekupigia simu kwa sababu imeona pesa inavyoingia, haijaona inavyokaa stoo.

Utaniambia basi niswaipu Dubai kwenye mzigo wenyewe, huko ndiko kuna pesa kubwa. Ndio, lakini angalia. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja, kwa hivyo bei yake kwa shilingi huwezi kufichwa. Dola ikiwa 130, gawanya, dirham ni 35.40. Sasa angalia stetimenti ya mtu yeyote unayemjua aliyeswaipu Deira kule Dubai, ukikuta benki imemhesabia dirham kwa 37, hapo ameliwa asilimia 4 na nusu ili apewe pointi za asilimia 1. Na ile mashine ya dukani ikikuuliza kwa upole kabisa ulipe kwa shilingi za Kenya ama dirham, bonyeza dirham, kila mara. Ukichagua shilingi umewapa wao ruhusa ya kukupangia bei ya kubadilisha, na hawatakupangia ya kukupendeza.

Kuhusu mume wako. Mimi ni mtu wa pesa si sheikh, lakini sitakwambia anasumbua bure. Kredit kadi ya kawaida mkataba wake una kipengele cha riba, na unakitia sahihi hata kama una nia ya kulipa kwa wakati kila mwezi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu, kikao cha Riyadh mwaka 2000, lilisema kadi yenye sharti hilo haifai hata kwa mwenye kukusudia kulipa kabla muda wa bure haujaisha. Wako wanavyuoni wanaoona vingine, na hapo mimi natoka. Nendeni wote wawili kwa sheikh mnayemwamini, mchukulie na karatasi ya mkataba asome mwenyewe, usimsimulie. Na kama mnataka kadi ya kulipia mtandaoni tu, benki zisizo na riba zipo hapa, Gulf African iko tangu 2008, na hata benki za kawaida kadhaa zina dirisha lao la Kiislamu. Uliza kama kadi wanayokupa inakata pesa yako mwenyewe iliyo kwenye akaunti. Ile ya M-Pesa ya GlobalPay pia ni hivyo, inatumia pesa yako, haikukopeshi. Tena ni safari ya Umra hii, kama roho ya mumeo haijatulia kwa pesa inayompeleka mama mkwe huko, pointi hazitaituliza.

Sasa tuje kwenye kile ulicho nacho. Mara tatu kwa mwaka unapanda flydubai, na flydubai inatumia Skywards ya Emirates tangu 2018, maana yake kila safari yako ilikuwa inataga maili, yaani pointi za ndege, na wewe ulikuwa unayaacha uwanjani. Hukuhitaji kadi yoyote. Namba yako ya Skywards ilitakiwa kuwekwa kwenye tiketi basi. Kwa hivyo leo rudisha hiyo password, hakikisha jina kwenye akaunti ni sawasawa na la paspoti herufi kwa herufi, kwetu hapa mtu ana majina matatu, tiketi ina mawili, akaunti ina la utani, ndipo maili yanapopotelea. Halafu fungua ile akaunti ya familia ndani ya Skywards, inachukua mpaka watu 8, umtie mume, mama, na yeyote wa nyumba anayesafiri, maili yenu yaingie chungu kimoja. Na kama unaagiza mzigo na shoga yako wa dukani mnapokezana safari, kila mmoja na namba yake, msibadilishane, maili hufuata jina la aliyekaa kwenye kiti.

Usitegemee miujiza, tiketi zile za bei ya chini kabisa huzaa maili machache, ile yenye begi na ruhusa ya kubadilisha tarehe huzaa zaidi. Lakini wewe ni mtu wa mzigo, begi unalilipia tu, kwa hivyo linganisha bei ya tiketi kavu ukiongeza kilo zako na ile tiketi ya juu yenye kilo ndani, mara nyingine tofauti ni ndogo na maili ni mengi. Na maili ya Skywards yanakaa miaka 3, yanaisha mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Safari tatu kwa mwaka kwa miaka mitatu ni safari tisa, hizo ndizo za kuhesabu.

Njia ya pili ni binamu mwenyewe. Yeye ana pointi, wewe una mama, na karibu kila shirika linamruhusu mwenye pointi kumkatia mtu mwingine tiketi. Mwambie hivi: pointi za kadi za kule nyingi zinahamishika kwenda kwa mashirika ya ndege, Aeroplan, mpango wa maili wa Air Canada, ni moja ya zinazopokea kutoka kadi kadhaa kubwa, na Air Canada iko Star Alliance, ule muungano wa mashirika ya ndege, pamoja na Ethiopian, ambayo inatua hapa Mombasa na inakwenda Jeddah kupitia Addis. Aeroplan ilishaacha kutoza ile nyongeza ya mafuta, kwa hivyo kinachobaki ni kodi na ada ndogo. Yeye atafute siti kwanza, azione, ndipo ahamishe pointi, manake zikishahama hazirudi. Mlipe kodi, mtumie zawadi, mshonee mkewe dera tatu nzuri. Ukimlipa pesa taslimu kwa pointi hapo unaingia kwenye makosa, mashirika hayataki pointi ziuzwe na yakigundua yanafuta tiketi.

Ndio maana pia nakwambia, wale wa Telegramu na WhatsApp wanaokuuzia tiketi ya Jeddah nusu bei "kwa maili", kaa mbali. Mara nyingi ni maili yaliyoibwa kwenye akaunti ya mtu, mwenyewe anazinduka, tiketi inafutwa, na mama yako amekaa Addis na begi na tasbihi hana pa kwenda.

Tarehe nazo ni nusu ya kazi. Ramadhani siti za pointi za Jeddah ni kama maji ya mfereji Mombasa, ukizipata shukuru. Lenga miezi ambayo si Ramadhani wala likizo za shule, na anza kutafuta miezi mingi mbele. Na usijifunge na kuondokea hapa Moi tu, mara nyingine ya Nairobi ni nafuu kwa elfu kumi na zaidi, treni ya SGR kutoka Miritini ni 1,500 daraja la kawaida tangu Januari 2024, unashuka Syokimau, Nairobi, unachukua teksi ya uwanja wa JKIA. Kwako na begi zako za Dubai nisingekushauri, kwa mama mwenye begi moja na wewe pembeni yake inawezekana, mradi msipange treni ya mchana na ndege ya jioni hiyohiyo. Treni ikichelewa ndege haimngojei mtu.

Usihodhi pointi pia. Tangu American Airlines waanzishe mpango wao wa maili mwaka 1981 wenzao wakawafuata, anayeamua tiketi ni maili mangapi ni mwenye ndege, si wewe. United mwaka 2019 ilitangaza kuondoa kabisa jedwali lake la bei, sasa tiketi ni maili kiasi watakachokuonyesha siku hiyo. Yakitosha, kata.

Kama baada ya haya yote, na baada ya sheikh, bado mmeona kadi ina maana kwenu, basi nenda tawini mwenyewe usikubali kwa simu, uitishe karatasi ya ada, uulize vitu vinne: riba ya mwezi, ada ya mwaka, asilimia wanayoongeza kwenye pesa za kigeni, na pointi zinaisha lini. Chukua moja, limiti ya elfu hamsini inatosha, uandike agizo la kulipa yote kila mwezi litoke lenyewe. Limiti ya laki mbili ni ya kumpa anayeiuza kamisheni. Na kama kuna deni lolote sasa hivi la app ama Sacco linalokuvuta, usiguse kadi kabisa, itisha kwanza ripoti yako ya CRB, wale wanaotunza rekodi za mikopo ya watu, moja kwa mwaka ni bure, uone umekaaje. Ukiona umeshachelewa mahali, nenda ukaongee na mkopeshaji uso kwa uso kabla siku 90 hazijafika, manake baada ya hapo deni linahesabiwa deni baya lisilolipika, na alama mbaya ya CRB inakaa miaka 5.

Jambo la leo leo ni moja. Umesema safari ya mwisho ni miezi minne iliyopita na akaunti ulikuwa nayo. Maili ya safari ambayo hukuweka namba unaweza kuyadai baadaye, lakini muda wake ni miezi 6, kwa hivyo ingia kwenye ule mkoba uliokwenda nao, tafuta bodingi pasi ama namba ya tiketi kwenye imeili, uingie Skywards ujaze dai. Umebakiwa na miezi miwili.